Naomba ushauri: chumba cha kiambaza juu ya dari ya nyumba ya mawe, Lamu

MkaziWaLangoni: Assalamu alaikum ndugu zangu. Nyumba yetu ina dari isiyotumika, nami nimekusudia kujenga juu yake chumba cha nguzo na fito, kilichokandikwa udongo na kuezekwa makuti, kwa ajili ya mwanangu anayetarajia kuoa. Udongo niuchanganye na nini usipasuke?

BintiMalindi: Uchanganye na mchanga na nyasi kavu zilizokatwakatwa, uukanyage, kisha uulaze siku mbili. Jiko la marehemu bibi yangu lilikandikwa hivyo, na kila baada ya masika tulikuwa tukiziba nyufa kwa viganja. Alama za vidole vyake zingali kando ya mlango.

FundiMstaafu: Kaka, kwanza tueleze chini kuna nini. Mita moja ya ujazo ya udongo mkavu uliokandikwa huweza kupita kilo 1,600, na hata ukizidisha nyasi ukashuka chini ya 1,200, huo bado ni mzigo. Kiambaza kitakaa juu ya ukuta au katikati ya boriti? Chumba cha chini kina upana gani?

MkaziWaLangoni: Takriban mita tano.

Mwanamtepe: Niwie radhi, lakini kisa hiki naona kimetungwa. Vyumba vyetu vya kale ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti za mkoko hazivuki zaidi ya mita tatu hivi. Hizo tano umezitoa wapi?

MkaziWaLangoni: Sikutunga. Mwaka jana tulibomoa ukuta wa kati ili kupanua sebule, tukaweka mhimili wa mbao kushika boriti. Fundi amenihakikishia kwamba utahimili, fito nimekwisha kuzinunua, na harusi ni baada ya mfungo.

MamaWatano: Nyumba ya urithi haibomolewi kwa shauri la mtu mmoja. Nduguzo waliridhia? Na kibali je, ilhali mji wetu ni urithi wa dunia tangu 2001?

FundiMstaafu: Hayo yatafuata. Panda ngazi utazame pale ncha za mhimili zinapoingia ukutani.

MkaziWaLangoni: Nimetazama. Upande wa kibla chokaa imeachana na mbao kiasi cha kupitisha ncha ya kisu, na mkeka uliokung'utwa asubuhi umeingia vumbi jeupe. Nimempigia fundi asije kesho.

FundiMstaafu: Usiku huu watu wasilale humo. Kesho mhimili utegemezwe kwa nguzo kabla ya kugusa chochote.