"Quite good": mgeni kanisifu au kanikandia?

Mpishi wa Paje
Assalaam alaikum wakuu. Mie napika kwenye nyumba ya wageni hapa Paje, Unguja. Kiingereza nimekiokota jikoni na ufukweni. Juzi mama mmoja kutoka Uingereza kala pweza wangu wa nazi, kafuta sahani kwa mkate mpaka ikang'aa. Kwenye daftari la wageni kaandika: "The octopus was quite good." Nikapiga picha, nikaweka status. Mpwa wangu wa chuo akanijibu, "Mjomba, hapo umeambiwa si mbaya." Tangu hapo sina raha.

Halafu kuna hili: nikiwaambia wageni "Our fish is too fresh", meneja ananikunjia uso. Sisi "sana" moja inatutosha. Wenzetu wana very, too, so, quite, really, absolutely... Nielekezeni jamani.

Chaki Mkononi
Waalaikum salaam mpishi. Tuanze na "too", hiyo ndiyo inayokuharibia biashara. "Too" ni kuzidi, na nyuma yake aghlabu pana lawama. "Too salty" ni chumvi iliyopita kipimo. Ukisema "too fresh", mgeni anamwona samaki bado anarukaruka kwenye sahani! Sema "very fresh", basi. Nimefundisha Tanga miaka 31, na kila mwaka nilisahihisha "I am too happy". Naona tatizo ni "mno" yetu: mtu husema "nimefurahi mno" na hakuna kilichozidi.

Jengine, usiibandike "very" mbele ya kitenzi. Hakuna "I very like". Ni "I like it very much".

Baridi ya Leeds
Mkuu, mpwa wako ana haki, ila si yote. "Quite" ya Mwingereza ikikaa mbele ya neno kama good mara nyingi hulishusha: nzuri, lakini asiruke mtu. Angekuwa Mmarekani, ungeiacha status yako kwa amani, kwao hiyo ni sifa. Bosi wangu wa kwanza huku aliniambia wazo langu ni "quite interesting". Nikakaa nasubiri litekelezwe. Nasubiri mpaka leo.

Ila "quite" hiyo hiyo ikikutana na neno lililokwisha kufika kileleni, mfano perfect, inageuka "kabisa". Maneno ya aina hiyo hayapendi very. Huku hatusemi "very freezing", tunasema "absolutely freezing", na Januari utaisema bila kufundishwa. Chukulia kama rangi zetu: nyeupe pe, nyeusi ti, nyekundu pyu. Nani kasema nyekundu ti?

Chaki Mkononi
Mfano wa rangi nimeupenda. Na hiyo "very" yenyewe asili yake ni neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya "kweli". Ni kama sisi tunavyosema "tamu kweli kweli".

Mtoro wa Umande
Sahani imefutwa kwa mkate, wewe unahangaika na daftari?

Mpishi wa Paje
Ahsanteni. Leo asubuhi nimemuuliza mwenyewe, bado yupo. Kacheka, kanishika bega, kasema pweza alikuwa mzuri, ila "just a little too salty".

Mwalimu, "too" sasa nimeielewa.