Mjadala: Je, rambirambi iliyotumwa kwa simu ihesabiwe kuwa mahudhurio msibani?

Mleta hoja, Kibosho:

Ndugu zangu, kikundi chetu cha kufa na kuzikana kimeletewa pendekezo la kurekebisha katiba, ili mwanachama aliyetuma rambirambi kwa simu kabla ya mazishi ahesabiwe kuwa amehudhuria na asitozwe faini. Mimi ninalipinga.

Mwezi uliopita tulimzika mzee mmoja jirani yetu. Tanzia iliingia kwenye kundi la WhatsApp saa moja asubuhi, na kufikia saa nne mweka hazina alikuwa ameshabandika orodha ndefu ya waliotuma, kila jina na kiasi chake, huku zile "poleni sana" zikifanana kana kwamba zimegongwa muhuri mmoja. Kesho yake alfajiri tulikuwa wanaume sita kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, tukichimba kaburi kwa sururu mbili. Aliyenipokea sepetu nilipochoka alikuwa kijana wa marehemu mwenyewe, ambaye siku ile hakupaswa kushika kitu chochote isipokuwa mikono ya waliokuja kumpa pole. Wengi wa waliokuwa kwenye orodha wanaishi Moshi mjini, mwendo wa daladala moja tu.

Mchangiaji, Arusha:

Kaka, pole kwa msiba, lakini usituhukumu sote kwa kosa la watu wa mjini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 4 za likizo yenye malipo anapofiwa na mtoto, mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Shangazi hayumo, mjomba hayumo, na jirani ndiyo kabisa. Aliyeko Dar es Salaam, takriban kilomita 550 kutoka Moshi, afanye nini jirani anapofariki Jumanne na kuzikwa Alhamisi? Kabla M-Pesa haijaanza nchini mwaka 2008, mtu wa mbali alimpa dereva wa basi bahasha na kuomba Mungu ifike. Leo sanda na jeneza vinalipiwa kabla jua halijazama, na hilo nalo ni kushikana mkono.

Mchangiaji, Old Moshi:

Mimi ni mjane, kwa hiyo nitasema kwa upande wa mfiwa. Fedha zilinisaidia, sikatai, na zaidi ya nusu zilitoka kwa watu wa mbali. Lakini matanga yalipoanuliwa simu ilinyamaza siku ileile, na aliyebaki akija kila jioni, wakati mwingine bila neno, akikaa jikoni kunimenyea ndizi, ni mama mmoja ambaye kwenye orodha ile hakuwa na hata shilingi. Kwa kanuni mnayoipendekeza, huyo ndiye angetozwa faini ya kutochanga.

Mleta hoja, Kibosho:

Mama, umenigusa mahali ambapo sikuwa nimepafikiria. Ndugu wa Arusha naye nimemwelewa, na ninakiri kwamba kumtoza faini aliyezuiliwa na mwajiri ni uonevu. (Tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021 tulilalamika sana, lakini hakuna aliyependekeza turudi kwenye bahasha, nami nilikuwa miongoni mwa walionyamaza.)

Hata hivyo bado siafiki kwamba muamala na mahudhurio ni kitu kimoja. Kwetu Uchagani mtu aliyemkosea mwenzake hupeleka jani la isale kuomba msamaha, na sijasikia aliyepiga picha ya jani hilo akaituma kwa simu, kwa sababu uzito wake uko kwenye miguu iliyolileta. Kwa hiyo ninabadilisha hoja yangu: daftari liwe na safu mbili, ya mchango na ya kufika, na asiwepo wa kufuta moja kwa nyingine. Anayeishi nje ya mkoa asamehewe safu ya pili, asiye na fedha asamehewe ya kwanza, na kumtembelea mfiwa baada ya matanga kuhesabiwe kuwa kufika. Kikao ni Jumapili baada ya ibada. Anayepinga na aje, ila asitume ujumbe.