Tupeane uzoefu: mashua ya uvuvi inapopotea na watu wake

Mwanzisha mada
Ndugu zangu, naomba tusimuliane kuhusu jambo ambalo pwani yetu imelizoea kupita kiasi: mashua hutoka jioni na watu wake, kukakucha haijarudi, na wiki ikapita bila nahodha wala baharia kuonekana. Kudura tumeshaikubali, ninachotaka kujua ni yaliyofanyika nchi kavu baada ya chombo kuchelewa, na kwa nini mara nyingi huchukua siku nzima kufahamu ni akina nani waliokuwemo.

Mchangiaji, Kojani
Kwetu Pemba mtu kwenda dago, yaani kambi ya wavuvi mbali na nyumbani, miezi kadhaa si habari, ndiyo maana chombo kikichelewa watu hawashtuki haraka. Mashua ambayo ami yangu ndiye tajiri wake, yaani mwenye chombo, ilipotea mwanzo wa kusi, msimu wa upepo wa kusini, na kilichotushinda kwanza ni majina. Nahodha huchukua watu palepale dikoni, vyombo vinapotia nanga, anayeumwa hushikiwa nafasi na mwenzake, na kwa kuwa malipo ni ya sehemu baada ya mnada, hakuna kinachoandikwa. Mama mmoja alishinda akimlilia mwanawe ambaye kumbe alikuwa amelala Wete, ilhali wazazi wa kijana aliyeshika nafasi yake waliendelea na shughuli zao hadi alasiri.

Pili ni upande wa kutafuta. Vijana walitaka kuzunguka pale nyavu zilipotegwa, lakini mzee mmoja akakataa, akisema kwamba wakati wa kusi mkondo wa Pemba huelekea kaskazini kwa nguvu, hivyo chombo kilichozimikiwa mashine kitafutwe upande wa Kenya. Simu zikapigwa Vanga, Shimoni, hadi Kipini. Kilichopatikana ni dumu la mafuta lenye kamba ya kijani, ambalo ami alilitambua kwa fundo kabla hajaligeuza kutazama alama.

Mchangiaji, Mafia
Nitaongeza kidogo tu. Kimbunga Hidaya kilipokuja Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitahadharisha mapema, lakini walio dagoni bila chaji wala mtandao hutegemea habari za mchuuzi anayepeleka barafu.

Mchangiaji, Lamu
Mume wangu alipotea na wenzake upande wa Kiwayu. Sala ya ghaibu, ya kumsalia maiti asiyekuwepo, ilisaliwa, tukapewa pole, lakini kisheria nilibaki mke wa mtu, kwani Sheria ya Ushahidi ya Kenya humdhania mtu kuwa amekufa asiposikika kwa miaka 7. Kadhi alipoishiwa na shaka baada ya kupima dalili alihukumu kifo kabla ya hapo, na tangu hukumu hiyo ndipo nikahesabu eda ya miezi 4 na siku 10. Lililonichosha zaidi ni tajiri wa chombo, aliyedai nithibitishe kwamba mume wangu alikuwemo safari ile. Kilichonisaidia ni daftari la madeni la duka lililo karibu na diko: jina lake liliandikwa jioni hiyohiyo, kwa betri za tochi na pakiti ya sigara.

Mwanzisha mada
Pole sana, dada. Je, kadhi alilipokea daftari peke yake?

Mchangiaji, Lamu
Hapana. Alimwita mwenye duka, akaja nalo mwenyewe na kulisoma mbele yake.