Mawakili wa Dar: sheria ya kazi mnayoshinda nayo kesi za watu, kwa nini sisi makarani wenu mnatunyima?

Wakuu nawasalimu. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mwenye haraka aupite tu. Mods naomba msiuunganishe na uzi mwingine.

Huu ni mwaka wangu wa saba katika ofisi ya mawakili hapa mjini, upande wa Posta. Ofisi sitaitaja, na bosi nitamwita Wakili, inatosha. Mwezi uliopita mshahara umeingia ukiwa pungufu kwa 200,000. Mshahara wenyewe ni 650,000. Nikaenda kuuliza, nikajibiwa kwamba mwezi huu wanakata tena 200,000 nyingine, ni "hasara niliyomsababishia mteja". Barua sijapewa, kikao sijaitwa, na hesabu ya hiyo hasara sijaonyeshwa mpaka leo.

Hasara yenyewe ni hii.

Tuna mteja anayeingiza dawa nchini. Kuna kiwanda cha nje kinachotengeneza dawa ya sindano, na kiwanda kingine, cha nchi nyingine, kinachotengeneza bomba la sindano. Dawa inajazwa humo kiwandani, mgonjwa anaipokea ikiwa tayari ya kuchoma. Hii siyo mseto ya malaria tuliyoizoea, ambayo ni dawa mbili ndani ya kidonge kimoja. Hapa dawa na kifaa ndiyo vinakuwa bidhaa moja, kama ile pampu ya pumu. Marekani wana ofisi maalumu ya bidhaa za aina hii ndani ya FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, tangu 2002. Kwetu dawa na vifaa tiba vyote viko chini ya mamlaka moja, TMDA. Kazi ya ofisi yetu ilikuwa kuandaa mkataba kati ya hivyo viwanda viwili na mteja wetu, pamoja na viambatisho vya kuweka kwenye jalada la usajili.

Nani alikaa na hayo makaratasi wiki nane? Mimi. Wakili alikuwa anasoma ukurasa wa kwanza na pale pa kusaini.

Ukikaa na karatasi muda wote huo unajifunza hata kama hukusomea. Nilielewa kwamba ugumu wa bidhaa hizi uko pale dawa na kifaa vinapokutana. Ndani ya bomba la sindano hupakwa mafuta ya silikoni ili kile kijiti cha kusukumia kiteleze. Kuna dawa, hasa zile za protini, zikikutana na silikoni nyingi zinaweza kufanya vijichembe. Kwa hiyo kiwanda cha bomba kikibadilisha kiasi cha mafuta, hata kidogo, kiwanda cha dawa lazima kijulishwe mapema ili kipime upya kama dawa yake bado inakaa salama mle ndani. Ndiyo maana mikataba hii huwa na kipengele cha kujulishana mabadiliko. Wa kwetu ulikuwa nacho, kimenakiliwa kutoka mkataba mwingine, lakini hakikusema nani anamjulisha nani wala ndani ya siku ngapi.

Halafu nikaona jambo lingine. Ripoti ya vipimo vya uthabiti, yaani vya kuonyesha dawa inakaa bila kuharibika, ilitaja bomba la toleo la pili. Michoro ya kiwanda iliyoletwa mwishoni ilikuwa ya toleo la tatu. Nikamwandikia Wakili barua pepe saa nne asubuhi, nikamwekea na kurasa zote mbili. Hakujibu. Jioni nikamfuata ofisini kwake, akaniambia mbele ya mawakili wawili vijana: "Wewe chapa. Mambo ya kitaalamu tuachie sisi."

Nikachapa. Jalada likaenda TMDA, likarudi na maswali, na swali la kwanza ni hilohilo: vipimo ni vya bomba lipi? Mteja akapiga simu akiwa amechukia. Nilikuwa nimesimama mlangoni na faili mkononi nikasikia Wakili anamwambia, "Karani wangu alichanganya viambatisho, nitamshughulikia."

Barua pepe yangu ipo, ina tarehe na saa.

Sasa niwaeleze kinachoniuma kuliko hiyo hela. Mwaka juzi ofisi yetu ilimtetea mlinzi aliyekatwa mshahara kwa sababu ya mali iliyoibwa lindoni kwake. Hoja za maandishi nilichapa mimi, kurasa kumi na nne, na kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 nilikichapa mpaka nikakihifadhi kichwani. Mwajiri hakukati kwa hasara mpaka iwe ni kosa lako, akuandikie sababu, kiasi na namna alivyokipata, akupe nafasi ya kupinga, na makato yote yasizidi robo ya mshahara. Robo ya 650,000 ni 162,500. Wakili alisimama akayasema hayo kwa sauti nzito mpaka yule mlinzi akatokwa machozi. Leo mtu huyohuyo ananikata 200,000 bila hata kipande cha karatasi.

Kwa hiyo mtu asiniambie hajui sheria. Anaijua, anaiuza kwa saa, ila akishavuka mlango wa ofisi yake anaiacha nje.

Na siyo makato tu. Zamani masjala ya mahakama ikifungwa saa tisa na nusu, basi, kilichobaki ni cha kesho. Tangu tuanze kusajili mashauri kwa mtandao, hati inahesabika ya siku hiyo ikiingia kabla ya saa sita usiku. Kwa haki za wananchi ni jambo jema kabisa. Kwa karani maana yake ni kwamba Wakili anakuja na kiapo chake saa mbili usiku, anakurushia mezani, anaondoka na gari. Wewe unaskani, unapandisha, mtandao unakwama, unasubiri namba ya malipo, ukitoka mwendokasi hakuna. Mimi naishi Mbagala. Bodaboda ya usiku natoa mfukoni kwangu.

Sheria inasema saa 45 kwa wiki, saa za ziada zilipwe mara moja na nusu, na kazi ya kuanzia saa mbili usiku ina nyongeza ya asilimia 5 juu yake. Nilipodai niliambiwa mimi siyo karani, mimi ni "Meneja wa Ofisi", na saa za kazi hazimhusu meneja. Kweli, barua ya cheo hicho nilipewa mwaka wa nne, na mshahara haukuongezeka hata shilingi. Nikashangilia, nikampigia mama Ifakara kumwambia nimepanda. Kumbe sheria inamtoa kwenye kipimo cha saa yule anayesimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti kwa wakubwa moja kwa moja. Mimi simsimamii mtu yeyote. Kile cheo kilikuwa ni cha kuniibia saa zangu.

Dada wa mapokezi alijifungua, sheria inampa siku 84. Wiki ya sita akaanza kupigiwa simu, "njoo mara moja tu utuonyeshe faili la fulani lilipo". Alikuja na mtoto mgongoni. Mzee wetu anayepeleka hati mahakamani Kisutu na Kivukoni anakwenda kwa miguu kwa sababu nauli "itaombewa idhini", na umri wake ni wa baba yao. Wao kwa wao wanaitana wasomi. Sisi ni "hawa watu".

Nisiwe mwongo, wapo mawakili wenye utu. Mmoja aliyehama ofisi yetu alikuwa akichelewa kumaliza kazi anatupeleka sote hadi kituoni kwanza, na ukimwonyesha kosa anasema asante. Ndiyo maana najua inawezekana.

Ninachoomba kwenu wakuu ni hiki. Nataka kujaza fomu namba 1, ile ya kupeleka mgogoro, niende CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa mgogoro wa makato nina siku 60, na zimeshaanza kuhesabika tangu mshahara ulipoingia. Mawakili watatu niliowafuata kimyakimya wote wamesema hawawezi kumshitaki mwenzao. Je, yupo humu karani au katibu muhtasi aliyewahi kumpeleka mwajiri wakili mbele ya Tume, na alisimama mwenyewe au chama cha wafanyakazi kilimsaidia? Na ile barua pepe niliyomtumia kupitia anuani ya ofisi, nikishafungiwa akaunti nitaitoa vipi kama ushahidi? Nimeichapisha nakala mbili, moja iko nyumbani, moja kwa dada yangu Temeke. Inatosha?