Nilipoteza noti ya chama mbele ya wenzangu kazini, sasa mwenzangu ananifichia mkoba

KaraniWaStoo
Habari zenu. Kuna jambo linaninyima usingizi tangu wiki iliyopita, naomba ushauri.

Mimi ni karani wa stoo kwenye kampuni moja Eneo la Viwanda. Naishi Umoja, kwa hivyo asubuhi na jioni niko kwenye foleni ya Jogoo Road. Humo ndani ya matatu ndimo nilimojifunzia kiinimacho. Nina ile sarafu ya shilingi 40 yenye sura ya Kibaki, iliyotolewa 2003 Kenya ilipotimiza miaka 40 ya uhuru. Baba ndiye aliyenipa. Siku hizi ni nadra kuiona, ndiyo maana nikiitoa kila mtu anataka kuishika kwanza.

Mimi si mtu wa maneno mengi. Miaka miwili nilikuwa nakunywa chai ya saa nne peke yangu karibu na mizani. Tangu nianze kuipoteza na kuirudisha hiyo sarafu, watu wa ofisini wananiita kwa jina, wananiwekea mandazi.

Alhamisi nikataka kuongeza utamu. Dada mmoja wa uhasibu ndiye mweka hazina wa chama chetu, na alikuwa anahesabu michango mezani. Nikamwomba noti ya elfu, nikaikunja mara nne, nikaifumbata, nikapuliza ngumi, nikafungua: hakuna kitu. Wenzangu wakapiga makofi. Yeye hakucheka. Nikaitoa papo hapo chini ya kisahani chake, lakini alizihesabu pesa zote upya mara tatu, akiinua kila noti kwenye mwanga wa dirisha. Zilikuwa kamili. Tangu siku hiyo, nikipita anausukuma mkoba ndani ya droo na kugeuza ufunguo. Na jana nimesikia kuna mtu anasema nina majini.

Kuacha sitaki. Lakini huyu dada ndiye aliyenishika mkono nilipoajiriwa, akanionyesha jinsi ya kujaza vitabu vya stoo. Nifanyeje?

MamaKariobangi
Pole mwanangu. Lakini hebu jiweke mahali pake. Mtu wa Nairobi akiona pesa ya mtu inapotelea mkononi mwa mwingine, hafikirii mchezo. Mimi 1998 niliacha karo ya kifungua mimba wangu kwenye pata potea, karibu na stendi ya Machakos. Karata tatu tu, na wote niliowaona wakishinda walikuwa wenzake yule mchezeshaji. Siku hizi kuna wash wash, makaratasi meusi yanaoshwa eti yawe dola.

Halafu hizo pesa hazikuwa zake, ni za chama. Noti moja ingekosekana, angelipa yeye kutoka kwenye mshahara wake. Huyo hakuogopa majini. Aliogopa deni.

Wakili_Mdogo
Kuhusu huyo wa majini: Kenya ina Sheria ya Uchawi tangu 1925, na ndani yake hata kumsingizia mtu uchawi huku na kule bila kupeleka neno kwa wenye mamlaka ni kosa. Sisemi umshtaki. Nasema tu akirudia, mwite pembeni umwambie hivyo kwa upole. Na usije ukajaribu kuchana au kuchoma noti, hilo ni kosa pia.

Mkono_Mwepesi
Nimefanya mazingaombwe kwenye sherehe za watoto miaka kumi na mmoja, Buruburu, South B, Kasarani. Mchana niko kwenye kaunta ya duka la dawa, na pale sijawahi hata siku moja kugusa pesa ya mteja kwa mchezo. MamaKariobangi amemaliza. Tumia sarafu yako, kamba yako, mipira yako ya kufungia noti. Cha mtu usikiombe, hasa pesa.

Jambo la pili, acha kupuliza. Ngumi haihitaji pumzi yako. Kupuliza ni kwa mganga, na mtu aliyekulia na habari za waganga akikuona unapuliza atakuwa ameshaamua wewe ni nani.

La tatu, na wenzangu wa fani watanikasirikia: mfundishe. Uingereza, mwaka 1584, Reginald Scot alichapisha kitabu akifichua jinsi wachezaji wanavyoficha sarafu, kwa sababu watu wasio na hatia walikuwa wanashtakiwa kwa uchawi. Siri moja ukiitoa hufi njaa. Anza na hii: sarafu ishikwe kingoni, kati ya kidole gumba na vidole vya mkono wa kushoto. Mkono wa kulia uje kana kwamba unaichukua, gumba likipita nyuma yake. Hapo aiachilie ianguke kwenye kiganja kilekile cha kushoto. Wa kulia uondoke umefumba, na macho yake yaufuate. Macho ndiyo kazi yote. Akiuchungulia wa kushoto hata kidogo, kila mtu atajua iko wapi.

Lakini kwanza omba msamaha, na usiombe mbele ya watu.

KaraniWaStoo
Narudi na majibu, ni siku ya nne.

Jumatatu nilimfuata kabla wengine hawajafika. Nikamwambia sikufikiria kwamba zile ni pesa za watu na yeye ndiye mwenye kuulizwa. Akanyamaza kidogo, akasema usiku ule alizihesabu tena nyumbani, mumewe akiwa ameshalala. Hilo lilinichoma.

Jana saa nne nikamuuliza kama anataka kujua inavyokwenda. Akakubali. Mara mbili sarafu ilimponyoka ikabingiria hadi chini ya mizani, tukapiga magoti kuitafuta. Ya tatu ikakaa. Akasimama mwenyewe kwenda kumwita soja wa getini aje aone, na soja akadanganyika kabisa, akawa anamfungua vidole vya mkono wa kulia kimoja kimoja.

Droo bado anaifunga. Sasa naona afunge tu, mna pesa za watu kumi na wanne.

Jioni aliniomba sarafu akamwonyeshe mwanawe. Leo asubuhi hajairudisha, na sijamuuliza.