Mabati ya juzi tu yashaota kutu. Niezeke upya?

Bi Kisauni: Asalaam aleikum ndugu zangu. Mwaka juzi niliezeka nyumba kwa mabati ya rangi, yale ya mawimbi, geji 30. Masika haya nimetega sufuria mbili sebuleni. Juu kuna vidoadoa vya kutu kama pilipili manga iliyomwagika, na kingo za chini rangi inabambuka. Dukani waniambia ni hewa ya bahari. Fundi hashiki simu.

Fundi Likoni: Waaleikum salaam dada. Bati lilikatwa kwa kifaa gani?

Bi Kisauni: Kwa grainda. Cheche ziliruka mpaka kwa jirani!

Fundi Likoni: Basi vidoa ndivyo hivyo. Cheche ni chembe za chuma cha moto. Zikitua kwenye bati hujichoma ndani ya rangi, na umande wa usiku tu watosha kuziotesha kutu. Pale penye mkato, moto umeunguza zinki iliyokuwa ikilinda chuma. Bati hukatwa kwa makasi. Bahari ina lake, lakini haikuanza yeye. Geji 30 nayo ni nyembamba kwa pwani, ungechukua 28, ndiyo nene zaidi.

Mkaazi wa Tudor: Paka lami, yaishe.

Fundi Likoni: Lami juu ya kutu? Yaendelea kula chini kwa chini huku wewe umelala. Sugua kwanza, rangi ya kuzuia kutu, ndipo rangi ya juu.

Mama Mtwapa: Bi Kisauni, tazama chini ya upenu. Kwangu ndiko kulikoliwa mwanzo, kwa sababu mvua haifiki kuosha chumvi. Sasa napiga maji kila mwezi. Maji matamu lakini, si ya kisima! Visima vyetu mwavijua kwa chumvi.

Fundi Likoni: Umesema kweli mama. Na kuvuja, dada, angalia misumari ilipigwa mgongoni mwa wimbi au bondeni. Angalia pia mabati yanapolaliana: mdomo ukielekea kusini, upepo wa kusi wasukuma maji ndani.

Bi Kisauni: Mwanangu ashapanda. Misumari minne iko bondeni, miwili juu ya sufuria kabisa. Mipira yake imepasuka, na bati limebonyea, maji yametuama.

Fundi Likoni: Alipiga nyundo kwa hasira huyo. Ing'oe, ziba matundu kwa silikoni na kipande cha bati, upigilie upya mgongoni. Kuezeka upya bado. Na kijana asipande adhuhuri, atababuka miguu.

Bi Kisauni: Keshashuka, yuatafuta ndara.