Photoshop: kadi moja ya harusi, majina 300. Kuna njia ya kuacha kuandika jina moja moja?

Dada_Kadi_Moro

Wakuu, habari za kazi.

Nina steshenari Morogoro mjini na kazi yangu kubwa ni kadi za mwaliko. Siku hizi wateja wengi hawataki za karatasi, wanataka picha ya kutuma WhatsApp, kila mwalikwa na jina lake, chini yake SINGLE au DOUBLE. Kamati inanitumia orodha ya kwanza, tuseme majina 300, halafu mwekahazina anaendelea kuniongezea kadiri michango inavyoingia, mpaka Ijumaa usiku harusi ikiwa Jumamosi.

Ninavyofanya: nafungua PSD (faili la kadi la Photoshop), nabofya mara mbili leya ya jina, yaani tabaka lenye maandishi hayo, nabandika jina, nabadili SINGLE kuwa DOUBLE inapohitajika, nasevu JPEG, naandika jina la faili, naanza upya. Nilirekodi hatua zote kwenye Actions (sehemu ya Photoshop ya kurekodi hatua na kuzirudia), lakini nikibonyeza Play inaandika jina lile lile lililokuwepo wakati wa kurekodi, na inasevu juu ya faili lile lile.

Muda naweza kuvumilia. Kinachonikosesha usingizi ni majina. Ukifika katikati ya orodha macho yamechoka, na mtu aliyechanga kwa moyo wake hastahili kupokea kadi yenye jina lililokosewa herufi. Nataka jina likiwa sahihi kwenye orodha ya kamati, liwe sahihi kwenye kadi, bila mkono wangu kupita katikati. Inawezekana?

fundi_banner

Mkuu, kwanza zipe hatua zako vibonye. Actions unaweza kuzifunga kwenye F2 mpaka F12, moja ya kusevu, moja ya kufungua leya. Utapunguza kubofya sana.

Mzee_wa_Leya

Ushauri wa fundi utaiharakisha mikono, ila dada bado ataandika majina 300. Tuanzie kwenye chanzo.

Dada, Actions imefanya kazi yake sawasawa. Imo ndani ya Photoshop tangu toleo la 4.0 la mwaka 1996, na inarudia ulichofanya, herufi kwa herufi. Inafaa pale kila picha inapotendewa jambo moja: kupunguza ukubwa, kuweka nembo, kuongeza mwanga. Kadi zako zina kitu kinachobadilika kila mara, kwa hiyo unachohitaji ni Variables, inayochukua maandishi kutoka kwenye orodha na kuyaweka kwenye leya. Wapo watu wanaoitumia Photoshop miaka mingi bila kufungua menyu hiyo, na inanisikitisha, kwa sababu kazi za majina ndizo zinazolisha steshenari zetu: kadi, vitambulisho vya wanafunzi, vyeti vya semina.

Anza na orodha kabla ya kugusa Photoshop. Ifungue kwenye Excel, mstari wa kwanza uwe na vichwa vitatu: namba, jina, aina. Safu ya namba andika K001, K002 na kuendelea. Ukianza na sifuri tupu Excel itazifuta. Safu ya aina ni SINGLE au DOUBLE. Mrudishie mwenyekiti wa kamati orodha hiyo aisome na kuithibitisha. Hapo ndipo majina yanapohakikiwa, mara moja, na mtu anayewajua waalikwa. Kisha isevu kama CSV, yaani faili la maandishi matupu ambalo safu zake zinatenganishwa kwa mikoma.

Sasa rudi kwenye PSD. Nenda Image, Variables, Define. Chagua leya ya jina, weka alama kwenye Text Replacement, uipe jina lile lile la kichwa cha safu: jina. Leya ya pili: aina. Namba nayo iwe na leya yake, hata ndogo pembeni, maana kila kichwa kilichomo kwenye CSV kinadai kiwe kimetangazwa huku. Leya ya Background haikubali variable, usihangaike nayo.

Bonyeza Next, Import, chagua CSV yako, na uweke alama pale panaposema safu ya kwanza itumike kuwa majina ya data set (data set moja ni mstari mmoja wa orodha, yaani kadi moja). Washa Preview, pitia kwa mishale, utaona majina yanabadilika kwenye kadi yenyewe huku herufi na rangi vikibaki ulivyopanga.

Mwisho: File, Export, Data Sets as Files. Kwenye majina ya mafaili chagua Data Set Name. Zitatoka PSD, hakuna aina nyingine. Ili uzipate JPEG, nenda File, Scripts, Image Processor, onyesha folda ile, chagua JPEG, bonyeza Run. Itakutengenezea folda iitwayo JPEG yenye kadi zote. Nenda kanywe chai.

Dada_Kadi_Moro

Mzee wangu, Mungu akubariki. Nimejaribu kwa orodha fupi na kadi zimetoka! Lakini kuna mambo mawili. Kwenye orodha kubwa iligoma kusoma faili, ikasema thamani hazitoshi. Na "Mchungaji na Mama Mchungaji" wenye majina marefu wanatoka nje ya fremu ya maua.

Mzee_wa_Leya

La kwanza, fungua CSV kwa Notepad na ushuke mpaka chini. Mara nyingi kuna mistari mitupu au mikoma mitupu iliyobaki mwishoni. Ifute, sevu, ingiza tena.

La pili, bofya leya ya jina, nenda Type, chagua Convert to Paragraph Text, kisha tanua boksi liwe na nafasi ya mistari miwili, maandishi yakae katikati. Ila jihadhari, kinachozidi boksi hakionekani kabisa, kinafichwa. Kwa hiyo kwenye Excel weka safu ya muda yenye =LEN(B2), panga kuanzia refu kuliko yote, na ukague matano ya juu kwenye Preview. Hayo yakikaa vizuri, mengine kwa kawaida yatakaa. Safu hiyo ifute kabla ya kusevu CSV.

Na mwekahazina akileta wa Ijumaa usiku, tengeneza CSV ya hao wapya tu, uendelee na namba. Usitoe upya zile ambazo watu wameshatumiwa.

mchapaji_tz

Naongezea kwa wanaochapa kwenye karatasi: tumieni Data Merge ya InDesign, ipo Window, Utilities. Inapanga kadi kadhaa kwenye ukurasa mmoja wa A4 na kutoa PDF moja. Na asiyekuwa na programu za kulipia, Inkscape ni ya bure na ina kiendelezi kiitwacho NextGenerator, unaandika %VAR_jina% pale jina linapokaa, nayo inasoma CSV hiyo hiyo.

Dada_Kadi_Moro

Asanteni sana wakuu. Swali la mwisho: kamati ya safari hii inataka QR kwenye kila kadi, isomwe mlangoni. Variables inaweza?

Mzee_wa_Leya

Inaweza. Tengeneza picha za QR kwanza, uzipe majina K001.png na kuendelea, uziweke folda moja na CSV. Ongeza safu iitwayo qr yenye majina ya picha hizo. Kwenye leya ya QR ya mfano chagua Pixel Replacement (inabadilisha picha badala ya maandishi), njia iwe Fit, ili picha ienee yote bila kukatwa.

Ndani ya QR weka namba ya kadi peke yake. Usiweke namba ya simu ya mwalikwa, kadi hizi zinazunguka kwenye magrupu. Tena kabla hujatoa zote, tuma moja kwa WhatsApp kwenye simu nyingine, maana WhatsApp hubana picha, kisha uisome kutoka kwenye kioo cha simu hiyo. Ikisumbua, ongeza ukubwa wa QR na uache nafasi nyeupe kuizunguka pande zote.